Taa ya Pikipiki Katika Giza la Juba

KATIKA mji wa Juba giza halibishi hodi. Mji huo upo karibu digrii tano tu kaskazini ya Ikweta, na mahali kama hapo jua likizama huzama moja kwa moja. Dakika ishirini na kitu baadaye ni usiku mtupu. Tena, tangu tarehe 1 Februari 2021, Serikali ya Sudan Kusini ilipozirudisha saa za nchi nyuma kwa saa moja, jua la Juba huzama mnamo saa kumi na mbili za jioni badala ya saa moja. Kwa hiyo karani atokaye kazini kwa kuchelewa kidogo, na askari aendaye kushika zamu ya usiku, wote wawili hawana budi kuianza safari yao gizani.

Ama kuhusu umeme, habari zake zajulikana. Kwa miaka mingi baada ya uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, mwenye nuru mjini humo alikuwa yule mwenye jenereta yake. Mwezi Novemba 2019 kilizinduliwa kituo kipya cha kuzalisha umeme chenye uwezo wa megawati 33 kwa kuanzia, na nyaya zikaanza kuwafikia watu majumbani. Hata hivyo umeme wa nyumbani ni jambo moja na taa za barabarani ni jambo jingine. Ukiziacha barabara kubwa na kuingia katika vichochoro vya Gudele, vya Munuki au vya upande wa Gumbo ng'ambo ya mto, mpandaji pikipiki hana mwanga wa kutegemea ila ule anaouchukua mwenyewe.

Na pikipiki ndizo miguu ya mji. Bodaboda zilizoanzia mpakani mwa Kenya na Uganda zilipanda kaskazini pamoja na biashara, hata zikawa ndicho chombo cha kila mtu mjini Juba. Barabara ya lami ya kilometa 192 itokayo Juba hadi Nimule, mpakani mwa Uganda, ilipofunguliwa mwaka 2012, mwendo uliongezeka kuliko taa zilivyoongezeka. Askari naye amo katika habari hii kwa pande mbili: hupanda pikipiki kwa doria na kwa kupeleka taarifa, na usiku husimama kwenye kizuizi akizipokea pikipiki za wengine. Ndiyo maana leo twapenda kueleza kwa kirefu jinsi taa ya mbele ya pikipiki iwezavyo kuongezewa nuru, na mahali ambapo kuongeza huko hugeuka kuwa hatari.

MWENDO HUPIMWA KWA TAA

Watu wengi hudhani kwamba mwendo wa pikipiki huamuliwa na injini. Usiku sivyo. Usiku mwendo huamuliwa na umbali ambao macho yaona. Tufanye hesabu ndogo. Pikipiki iendayo kilometa 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde moja. Mpandaji akimwona ng'ombe amelala barabarani, sekunde moja na nusu hivi yapita kabla mkono haujakamata breki. Hapo amekwisha kwenda mita 25. Breki nazo, juu ya lami kavu na kwa mtu asiyetaka kuanguka, zahitaji mita nyingine 28. Jumla ni mita 53. Sasa ikiwa taa yake yaonyesha mita 30 tu mbele, ng'ombe yule ameshagongwa kabla ya kuonekana vema.

Kwa taa ya mita 30, hesabu ile ile yatuambia kwamba mwendo wa salama hauzidi kilometa 40 kwa saa juu ya lami. Na juu ya changarawe, ambako gurudumu huteleza, ni pungufu ya hapo. Asiyetaka kuipunguza kasi yake hana budi kuiongeza nuru yake. Hakuna njia ya tatu.

Kama yupo anayedhani twatia chumvi, na aitazame Uingereza ya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwezi Septemba 1939 taa za barabarani zilizimwa kwa hofu ya ndege za Wajerumani, na taa za magari zikafunikwa vifuniko vilivyoacha upenyo mwembamba tu wa kupitisha mwanga. Mwaka 1941 watu 9,169 walikufa barabarani nchini humo, idadi ambayo haijapata kufikiwa tena hata leo, ingawa magari yameongezeka mara nyingi sana. Hao hawakuuawa na mabomu. Waliuawa na giza.

KABLA YA KUNUNUA CHOCHOTE

Fundi mwenye haraka akiambiwa kwamba taa haimuliki, mara huleta balbu kubwa zaidi. Sisi twaona kwamba hilo ni jambo la mwisho, si la kwanza. Taa nyingi zinazolalamikiwa hazina ubaya wowote isipokuwa uchafu na kiu ya umeme.

Kioo cha mbele siku hizi mara nyingi ni cha plastiki. Jua na vumbi hukikwaruza na kukigeuza rangi kuwa ya manjano, na mwanga ukipita humo hutawanyika kabla ya kufika njiani. Dawa ya meno na kitambaa laini chenye maji, vikisuguliwa polepole kwa nje, hurudisha sehemu kubwa ya ung'avu wake. Lakini lile bakuli la ndani linalong'aa kama kioo cha kujitazamia lisiguswe kwa kitambaa hata kidogo. Ng'aro ile ni utando mwembamba mno wa alumini, ukiusugua umeuondoa. Vumbi la ndani lipulizwe tu. Bakuli likiwa limekwisha kubabuka, dawa yake ni kununua jingine, kwa sababu hata balbu bora kuliko zote haiwezi kumulika ndani ya chungu.

Kisha yaja kiu ya umeme, na hapa twaomba msomaji avumilie kidogo, kwa kuwa ndipo penye siri. Balbu ya halojeni haipungui nuru sawasawa na upungufu wa volti. Hupungua kwa haraka zaidi. Volti ikishuka kwa sehemu moja katika kumi, nuru hushuka kwa karibu thuluthi moja. Sasa fikiria safari ya umeme katika pikipiki ya kawaida: hutoka kwenye betri, hupita katika swichi ya ufunguo, hupanda hadi swichi ya mkononi, huteremka hadi kwenye taa, kisha hurudi kwa waya wa hasi ulioshikizwa kwa skrubu yenye kutu. Nyaya zenyewe ni nyembamba, na kila kiungo kimeingiwa na vumbi. Balbu ya wati 60 huvuta ampea 5; na nyaya zenye ukinzani wa hata thuluthi ya omu moja tu zitakula zaidi ya volti moja na nusu njiani. Mpandaji amenunua taa ya volti 12 lakini anatumia ya volti kumi na nusu.

Kupima ni rahisi. Taa ikiwa inawaka na injini ikiwa inanguruma, fundi apime kwa mita volti zilizopo kwenye betri, kisha zilizopo kwenye miguu ya balbu yenyewe. Tofauti ikizidi nusu volti, wizi umo katika nyaya. Asafishe viungo kwa msasa laini, akaze waya wa hasi mpaka ushike chuma kisicho na rangi, kisha apime tena. Mara nyingi mambo huishia hapo, na fedha ya balbu mpya hubaki mfukoni.

RILEI

Ikiwa wizi bado upo, dawa yake ni rilei, kifaa kidogo kinachouzwa katika kila duka la vipuri vya magari. Kazi yake yafanana na ya msaidizi wa mkubwa: swichi ya mkononi hutoa amri kwa umeme kidogo sana, chini ya robo ampea, na rilei ndiyo inayofungua njia ya umeme mwingi kutoka betri moja kwa moja hadi kwenye taa. Waya huo mpya uwe mnene, wa milimita za mraba mbili na nusu, na upite mbali na bomba la moshi na mahali panapopinda usukani. Fyuzi ya ampea 10 iwekwe karibu kabisa na betri. Fyuzi iliyowekwa karibu na taa hailindi kitu, maana waya ukichubuka katikati, moto utaanza nyuma yake. Mwanga wa mbali na mwanga wa karibu kila mmoja huwa na rilei yake.

Hata hivyo si kila pikipiki yafaa kufanyiwa hivyo. Ziko pikipiki ndogo nyingi, hasa za miaka ya nyuma, ambazo taa yake haitoki kwenye betri bali hutoka moja kwa moja kwenye koili za injini. Namna ya kuzitambua ni hii: fungua ufunguo bila kuwasha injini, kisha washa taa. Ikikataa, na injini ikiwaka taa hupanda na kushuka pamoja na mafuta, basi kwa kawaida ni ya namna hiyo. Taa kama hizo hufifia pale pale mpandaji anapopunguza mwendo mbele ya shimo, yaani wakati anapohitaji kuona zaidi. Kuihamishia betrini taa ya namna hii kwataka fundi aliyesomea umeme, kwa sababu betri ya pikipiki ndogo haina akiba kubwa. Betri ya ampea-saa 5 ikipewa balbu ya wati 60 bila ya kujazwa, haimalizi hata saa moja. Askari atakayeachwa na betri katikati ya Jebel usiku hatamshukuru aliyemwongezea nuru.

BALBU KUBWA NA TAA ZA LED

Pikipiki nyingi za mizigo na abiria hutumia balbu ya halojeni iitwayo HS1, yenye wati 35 kwa mwanga wa mbali na 35 kwa mwanga wa karibu. Jamaa yake mkubwa ni H4 ya magari, yenye wati 60 na 55, iliyoanza kutumika huko Ulaya mwaka 1971. Hiyo hutoa nuru ipatayo mara mbili. Kwa kuwa vikalio vyake vyafanana sana, mafundi hawakawii kuibadilisha. Matokeo yake huonekana baada ya majuma machache: kikalio cha plastiki kimeyeyuka, waya umekauka kama kuni, na bakuli limejikunja kwa joto. Anayetaka H4 na awe na bakuli lililotengenezwa kwa ajili yake, rilei, na mtambo wa kuzalisha umeme wenye uwezo wa kuilisha. Zile balbu za wati 100 zinazoletwa sokoni hazifai kabisa kwa pikipiki. Na balbu yoyote ya halojeni isishikwe kioo chake kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi huchoma kioo na kuikatisha maisha yake.

Siku hizi balbu za LED ndizo zinazotafutwa na kila mtu, na kwa haki, maana LED ya wati 20 iliyotengenezwa vizuri haishindwi nuru na halojeni ya wati 55, hali inakula umeme kidogo kuliko hata balbu ndogo iliyotoka nayo kiwandani. Kwa pikipiki yenye betri dhaifu hiyo ni neema. Lakini lazima tuseme mambo mawili ambayo muuzaji hasemi.

Kwanza, bakuli la taa ni chombo cha hesabu. Limechongwa likitarajia kwamba mwanga utatoka katika uzi mdogo uliopo mahali fulani, bila kuzidi wala kupungua milimita. Balbu ya LED yenye vidonge vya mwanga vilivyozunguka pande zote kama punje za hindi huvunja hesabu hiyo. Mwanga huwa mwingi kweli, ila hutapakaa: nusu yake hupanda juu ya miti, nusu yake huingia machoni mwa watu, na mita 40 mbele njia hubaki nyeusi. Balbu iliyo afadhali ni ile yenye vidonge viwili vyembamba, kushoto na kulia, vilivyokaa pale pale ambapo uzi wa halojeni ungekaa. Lililo bora zaidi ni kubadilisha taa nzima, pamoja na bakuli lake, kwa ile iliyobuniwa kwa LED tangu mwanzo.

Pili, maandishi ya kwenye kisanduku. Tumeona balbu zilizoandikwa wati 100 ambazo hazina hata robo ya hizo. Msomaji asibishane na mwenye duka. Aombe mita ipimwe ampea. Ikivuta ampea moja na nusu kwa volti 12, hiyo ni taa ya wati 18, hata ikiwa kisanduku kimeandikwa kwa dhahabu. Vilevile LED hudai njia ya kutolea joto kwa nyuma. Feni yake ikizibwa na vumbi, au mfuko wa mpira ukiifunika yote, haitamaliza mwaka. Na ikifungwa kwenye taa itokayo moja kwa moja kwenye koili za injini itamemetuka tu mpaka ipatiwe kifaa cha kuunyosha umeme.

Kuhusu rangi, vijana hupenda ule weupe unaoelekea ubuluu. Sisi hatuupendi. Macho ya anayekuja mbele huuchukia zaidi kuliko mweupe wa kawaida. Na katika vumbi la kiangazi, taa iwe ya rangi gani, mwanga wa mbali hurudi kama ukuta. Hapo mwanga wa karibu ndio unaoona njia.

MKONO WA KULIA

Lipo jambo moja ambalo mgeni wa Juba hulisahau. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha upande wa kushoto. Sudan ilihamia upande wa kulia mwaka 1973, na Sudan Kusini imerithi desturi hiyo. Anayetoka Uganda hubadilisha upande pale Nimule. Taa nyingi za magari, na baadhi ya taa mpya za pikipiki, mwanga wake wa karibu hauko sawa pande zote: umeinuliwa kidogo upande wa ukingo wa barabara ili kumwonyesha mwenda kwa miguu, na umeshushwa upande wa wanaokuja. Taa iliyotengenezwa kwa nchi za kushoto ikipelekwa Juba hufanya kinyume chake. Humwinulia mwanga anayekuja, na ukingo wa kulia, waliko watu, huacha gizani. Pikipiki nyingi zenye balbu ya HS1 hazina tatizo hilo kwa kuwa mwanga wake ni sawa kushoto na kulia, lakini taa za LED zinunuliwazo Kampala yafaa ziwashwe mbele ya ukuta kabla fedha haijatoka.

Ukuta huo huo ndio wa kulengea taa. Pikipiki isimamishwe wima umbali wa mita 10, magurudumu yakiwa na upepo wa kutosha, na mpandaji mwenyewe akiwa amekaa kitini. Kimo cha katikati ya taa kitiwe alama ukutani kwa chaki. Mwanga wa karibu ukiwashwa, ukingo wake wa juu uangukie sentimeta 10 hadi 15 chini ya alama. Halafu apande mtu nyuma. Spring'i za nyuma zikilala, pua ya pikipiki huinuka, na mwanga uliokuwa mwema huwa upofu kwa wengine. Pikipiki ya doria ambayo siku zote huchukua askari wawili ilengwe ikiwa na wawili.

KWENYE KIZUIZI

Jicho la binadamu lahitaji muda wa karibu nusu saa kulizoea giza barabara, na mmweko mmoja watosha kuiharibu kazi hiyo yote. Mpandaji aliyepofushwa kwa sekunde tano tu, akiwa katika mwendo wa kilometa 60, amesafiri mita 83 bila macho. Akutanapo na taa kali asiikazie macho. Ayapeleke kwenye ukingo wa kulia wa barabara mpaka ipite. Askari wa miguu naye ana hila yake ya zamani ya kulifumba jicho moja, ili taa ikishapita abaki na moja linaloona.

Hatari iliyo kubwa zaidi ipo pale kwenye kizuizi. Askari aliyemulikwa usoni haoni mikono ya mpandaji, haoni kama kuna mtu wa pili nyuma, wala hajui kama pikipiki inapunguza mwendo. Hofu humjia mtu asiyeona, na mwenye hofu akiwa na bunduki mkononi, mambo huharibika katika nukta moja. Yule mpandaji huenda alikuwa anampeleka mkewe hospitali. Juba imepata kuwa na amri za kutotembea usiku, kama ile ya Desemba 2013, na katika siku za namna hiyo kila taa inayokaribia huwa na maana kubwa kuliko kawaida.

Kwa hiyo mwenye taa kali na ateremshe mwanga mita mia kabla, apunguze mwendo mapema ili aonekane anapunguza, na asimamapo aziache mikono juu ya usukani. Walinzi nao wasisimame katikati ya mkondo wa mwanga. Mmoja akae pembeni, nje ya nuru, akitazama kwa upande; na taa ya kizuizi imulike kibao na mahali pa kusimama, si nyuso za watu. Kibao chenye karatasi ya kurudisha mwanga, kikiwekwa mita mia kabla ya lindo, chaweza kuokoa watu wengi kwa gharama ndogo.

Zile taa za ziada zinazomemetuka kwa rangi nyekundu na buluu, ambazo baadhi ya wapanda bodaboda hujifungia kwa urembo, twaona hazina nafasi yoyote. Rangi hizo katika nchi nyingi ni za polisi na za magari ya wagonjwa, na mlinzi wa usiku asilazimishwe kubahatisha. Wala isisahauliwe taa ya nyuma: anayeongeza nuru ya mbele huongeza na mwendo, na lori lililo nyuma yake lahitaji kumwona. Kifutwe kioo chake tope, na breki ya mguu na ya mkono zijaribiwe zote mbili kama zaiwasha.

Balbu ya zamani iliyotolewa ikiwa nzima isitupwe. Ifungwe katika karatasi, itiwe katika kopo dogo lenye pamba, ikae chini ya kiti pamoja na fyuzi mbili za akiba na bisibisi.